Makopo Saba ya Bafuni

Sisi wa zamani hatukuzoea bafu la ndani. Naanza hapo kwa sababu wajukuu zangu nikiwaambia kwamba niliwahi kupanda majani bafuni wanacheka, wanadhani nasema yale ya urembo yanayopangwa kando ya barabara pale Misugusugu kwenye vyungu vya saruji. Na kweli, juzi nilipita pale nikaliona moja, lilelile, limefutwa linang'aa, na muuzaji akaniambia, "Mzee, hili halitaki jua, weka hata chooni." Nikamwambia najua. Nikaenda zangu.

Kwetu Soga tulioga uani, ndani ya ua wa makuti, unasimama juu ya mawe, maji yanakwenda zake migombani. Jua unalo, upepo unao, jirani akipita mnasalimiana, yeye huko na jembe lake, wewe huku na povu kichwani. Halafu nikapata kazi Kibaha, upishi msaidizi kwenye shule moja ya bweni. Nikapewa nyumba, chumba na sebule, na bafu humohumo ndani. Sakafu ya saruji, kuta za saruji, dirisha moja tu juu karibu na dari, ukubwa wa trei ya chai, kioo chake cha ukungu. Saa sita ya mchana mle ndani palikuwa kama magharibi. Siku ya kwanza mke wangu alisimama mlangoni akachungulia.

"Bwana, humu mtu anaoga au anazikwa?"

Tulicheka. Wakati huo bado tulikuwa watu wa kucheka.

Mke wangu alikuwa mtu wa Kisarawe, upande wa msituni. Nilipokwenda kuposa, wazee wake waliniambia binti yao anasema sana, je, nitaweza? Nikajibu mie ni mtu wa kusikiliza. Wazee wakaridhika. Nimekuja kujijua baadaye kwamba mie siyo mtu wa kusikiliza, ni mtu wa kunyamaza, na hivyo ni vitu viwili.

Alipopata mimba ya kwanza, mama yangu akasema mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa watu wake, basi mkwe aletwe Soga. Nikakubali. Zahanati ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwangu, nayasema haya mwenyewe kabla hujaniuliza, hatua chache, na mie nikampakia mke wangu kwenye lori. Kule akakaa na uchungu siku tatu. Siku ya nne wakamtoa kwa trela la trekta la kijiji. Mtoto alitoka amekufa, wa kiume, wakamzika sijamwona. Na wiki moja baadaye mke wangu akagundua kwamba haja ndogo haizuiliki tena. Inatoka yenyewe, amekaa, amesimama, amelala. Siku hizi ugonjwa una jina, wanauita fistula, hata redioni wanautaja mchana kweupe. Sisi tulisema tu "anavuja", tena kwa sauti ya chini.

Huo ulikuwa mwaka wa yanga. Waliokuwapo wanaujua. Mvua zilikataa, watu walikuwa ndiyo kwanza wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, na chakula kikawa unga wa mahindi ya njano ya msaada, ndiyo hayo yanga. Wanafunzi walinigomea mie, kana kwamba nimeyapaka rangi mwenyewe. Mmoja akasema yanga kule yanakotoka ni chakula cha ng'ombe. Nikamwambia basi lia kama ng'ombe nikuongeze. Alikula. Wote walikula. Nimesema haya ili ujue kwamba hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwonea huruma mwanamke anayevuja. Kila mtu alikuwa na lake.

Mkojo ukikaa kwenye ngozi unachoma kama magadi. Mapaja yake yalichubuka, yakawa mekundu, akitembea anapanua miguu kama mtoto anayejifunza. Kanga zake zote tulizichana vipande. Kamba yetu ya kuanikia ilitangaza kila kitu, na majirani wakaacha kuazima chumvi.

Tukaenda hospitali kubwa ya mjini. Daktari akamwangalia, mtu mpole, akasema tundu hili linashonwa. Yuko bingwa anayekuja mara moja kwa mwaka, anakaa siku chache, anashona wanawake waliofika, anaondoka. Akamwandika, zamu yake baada ya miezi mitatu. Lakini kwenye vidonda vile hakuna anayeshona. Akae kwenye beseni la maji ya chumvi, asubuhi na jioni, muda mrefu, hadi ngozi ifunge.

"Mlete na ngozi nzima," akaniambia mie. "Akija na vidonda atarudishwa. Atasubiri mwaka mwingine."

Basi shida yetu yote ikawa hiyo: miezi mitatu, beseni, na ngozi.

Beseni lilikaa bafuni, na bafuni hakuweza kukaa. Anaingia, punde anatoka. "Ukuta unanisogelea," anasema. Nilimsikia kupitia mlango akihesabu kwa sauti ili muda upite. Akifika mia anaanza upya. Akifika mia ya tatu analia.

Nikaleta mrehani. Niseme ukweli, sikuuleta kwa ajili ya macho yake. Niliuleta kwa ajili ya pua yangu, na yeye alijua. Niliupanda kwenye kopo la rangi, nikauweka chini ya dirisha. Ndani ya wiki mbili ukarefuka shingo, ukapauka, ukalala. Nikaleta asumini. Nayo ikapukutisha majani yote, zikabaki njiti.

"Bwana," akaniita kutoka kwenye beseni. "Mrehani amekukosea nini?"

"Kwa nini?"

"Unawafunga jela watu wa jua. Na asumini naye, maskini, kesi yake haijasikilizwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu Soga. Nikauliza, "Sasa nilete nani?"

"Lete wasiolijua jua. Nenda kwetu. Kule ndani, chini ya miti mikubwa, kuna majani tangu yazaliwe hayajaoneshwa jua na hayalalamiki. Kaka anayajua."

Nikaenda Kisarawe. Shemeji yangu, huyo kaka yake, akanipokea vizuri, akauliza nimekuja kuchimba mihogo?

"Majani," nikasema.

"Ya mboga?"

"Ya bafuni."

Akanitazama sana. "Shemeji, dada yangu kichwani hajambo? Na wewe je?" Lakini akachukua panga.

Tulichimba aina tatu. La kwanza kangaga, lile la kingo za vijito, jani lake limechanikachanika kama unyoya. La pili mkonge mwitu, ule mfupi wenye mistari, unasimama wima kama visu. La tatu sijui jina lake hadi leo: kikonyo kimevimba chini kama kidole gumba, majani mazito yamepangana huku na huku, yanang'aa kama yamepakwa samli, na chini ardhini lina viazi. "Hili ukilisahau mwezi mzima halinuni," shemeji akasema. La nne nililipata palepale Kibaha, kwa mpishi wa mwalimu mmoja mgeni aliyerudi kwao: majani mapana kama ya gimbi, yana madoa meupe kama mtu amenyunyiza chokaa. Mke wangu alipoliona akalivunja ncha, akanusa, akalirudisha haraka. "Hili ni ndugu yake gimbi. Utomvu wake unawasha. Lipendeze huko huko kwenye kopo."

Jumla yake makopo saba. Makopo ya maziwa ya unga kutoka jikoni shuleni, na sufuria moja iliyotoboka. Nilitoboa matako ya makopo kwa msumari, nikaweka kokoto chini, juu udongo mweusi wa msituni niliochanganya na mchanga. Kazi yangu iliishia hapo. Yaliyobaki ni yake. Alijifunza kwamba kangaga anataka kinywaji kila siku lakini mkonge akinyweshwa hivyo anaoza kiunoni; mmoja ulioza akaulilia. Alikataza maji ya sabuni kumwagwa karibu. Kila Ijumaa alifuta majani kwa kitambaa kibichi, moja moja, mbele na nyuma, maana alisema vumbi ni kama pazia, na humo mwanga wenyewe ni wa kuombwa. Kila asubuhi aligeuza makopo robo ili yasipinde kuelekea dirishani. Na kwa zamu alilitoa moja kwenda barazani, kivulini, kukaa siku mbili. Hiyo aliiita likizo.

Akawa anakaa. Nilipita mlangoni nikasikia hahesabu tena, anasema na majani. Anayasengenya. "Wewe unajiona kwa sababu umetoa kikonyo kipya." Kangaga lililokuwa karibu na beseni lilistawi kuliko yote, na siku moja akaniita nilione, akasema, "Wenzetu wanangoja mbolea ya chumvichumvi ya serikali. Mie ninayo, haikatiki." Sikujua nicheke au nifanye nini. Akacheka yeye. Na ngozi ikaanza kufunga. Kwanza magotini, ikapanda.

Sasa nina mtani wangu, Mnyamwezi, dereva wa lori la shule. Siku moja kanisaidia kubeba gunia, nikamwambia ingia unawe mikono. Aliingia kimya. Akatoka na kelele hadi uwanjani.

"Wazaramo jamani! Wenzenu tunaambiwa tulime kufa na kupona, huyu analima bafuni! Tena jembe lake beseni!" Watu wakatoka. "Mwanamume mzima, mwenye ndevu, anampandia mkewe maua chooni! Kalishwa limbwata huyu, tena la kijiko kikubwa!"

Mtani hakasirikiwi. Nikamjibu, "Na wewe njoo ule, nyumbu wee." Lakini waliocheka siku ile siyo wote walikuwa watani zangu. Kwa wiki nzima jikoni waliniuliza, mpishi, maua yameshalala? Yameshaoga? Nikaanza kuingia nyumbani kwangu kama mwizi.

Mama akaja zikiwa zimebaki wiki mbili kwenda kwa bingwa. Alikuja kwa miguu sehemu, kwa lori sehemu, na mzigo wa viazi vitamu kichwani. Mwili wake ulikuwa umekwisha. Tangu mtoto yule afe mama alikuwa hakai akatulia, lakini hajasema neno, na sisi hatujamwambia neno. Mke wangu akapiga goti, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu," basi. Vidonda vya mke wangu wakati huo vilibaki sehemu ndogo tu, kama kiganja cha mtoto.

Mama akaenda bafuni kujimwagia maji. Alipotoka akanikuta sebuleni peke yangu.

"Baba, nimesikia huko njiani watu wakicheka. Wanasema mwanangu anafuga majani. Nikawaambia mnamsingizia. Kumbe mie ndiye mwongo." Akakaa. "Haya majani ya nini?"

Hapo ndipo palipo na kosa langu. Jibu lilikuwa fupi: tumeyapanda ayatazame, akae majini apone. Lakini kumwambia mama, mwanamke wa Soga, kwamba mwanawe ana majani ya kutazama tu, mwaka ambao watu wanakula yanga, kwa sababu mkewe anaogopa ukuta? Niliwasikia wale wa jikoni wakinicheka kichwani mwangu.

"Ni dawa, mama."

"Dawa ya nini?"

"Ya ugonjwa wake."

"Kakupa nani?"

"Watu wa kwao. Kisarawe."

Uso wa mama ulifunguka. Sijamwona vile tangu nikiwa mdogo. "Alhamdulillahi. Mbona hukunena tangu mwanzo? Mie usiku na mchana najiuliza nimfanyie nini yule mtoto wa watu." Halafu akakunja uso kidogo. "Lakini dawa gani inakaa kwenye kopo inatazamwa?"

"Bado. Ina siku yake."

Nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema ukweli, na hivyo ndivyo nilivyoitumia.

Kwetu majani yanayowekwa penye kuogea yana kazi moja, nayo ni vuo. Mgonjwa anaogeshwa maji ya majani yaliyopondwa, na anayemwogesha huwa mama mtu, na mwenye kuogeshwa haulizi. Mkwe ndiyo kabisa. Atamwuliza mama mkwe nini? Umeweka nini humo? Hilo ni tusi.

Siku tatu baadaye nilikwenda kazini alfajiri. Mke wangu alilala kidogo baada ya beseni la asubuhi. Mama akaingia bafuni na kisu. Kwa mawazo yake siku yenyewe ndiyo hiyo, maana tarehe ya hospitali ilikuwa inakaribia na mie naonekana kuzembea. Akakata kila jani. Akayaponda kwenye kinu uani, mabichi, akakoroga na maji ya uvuguvugu, akayaleta kwenye karai hadi chumbani. "Amka mwanangu, nikuogeshe." Mke wangu alinieleza baadaye kwamba aliona maji ya kijani akadhani ni majani ya Soga. Akafurahi. Alisema hivyo, akafurahi, kwa sababu mama hakuwa amemgusa tangu msiba. Akakaa ndani ya karai.

Nilirudi saa nane na ukoko wangu kwenye kitambaa. Nilisikia maji yakimwagwa bafuni, ndoo juu ya ndoo. Mlango ulikuwa wazi. Mke wangu amesimama anajimwagia maji kutoka kwenye pipa, meno ameyauma, kuanzia kiunoni hadi magotini amevimba, malengelenge yameota yale ya mtu aliyeungua uji. Na nyuma yake makopo saba, mna vikonyo tu.

Mama alikuwa kwenye kona ya chumba, mikono yake mwenyewe imevimba vidole, haijali. "Inamtoa uchafu," akasema, lakini sauti yake haikuwa na hakika. "Dawa kali huanza hivyo. Si ndiyo, baba?"

"Dawa gani, mama?" mke wangu akauliza. Polepole, kwa adabu.

"Hii yenu ya Kisarawe. Mume wako mwenyewe kaniambia."

Mke wangu akageuka akanitazama. Alisubiri. Hata mama alisubiri. Nikaweka ukoko mezani, nikachukua ndoo, nikaenda bombani kuchota maji. Ndivyo nilivyojibu.

Siku ya bingwa tulikwenda hivyohivyo. Nilijiambia labda. Kwenye benchi walikaa wanawake wengi, kila mmoja na kitambaa chake cha kukalia, hakuna anayemshangaa mwenzake, na mke wangu akasema, "Kumbe tuko wengi." Muuguzi akamwita nyuma ya pazia. Hawakukaa. Alipotoka, muuguzi akaniuliza mmemfanya nini mtoto wa watu. Akapiga mstari kwenye karatasi yake, akaita jina linalofuata. Mwanamke wa pili kwenye benchi akanyanyuka.

Tukapanda lori kurudi. Tulipofika mke wangu alifunga vipande vyake vya kanga. "Nakwenda kwetu kuuguza ngozi," akasema. Sikumzuia. Mama naye alirudi Soga, na kule akaeleza alivyoelewa: dawa ilikuwa nzuri, ila mkwe ana pepo, pepo limeikataa.

Mwaka ukapita. Shemeji ndiye aliyempeleka kwa bingwa, siyo mie. Alishonwa. Nikasikia kwa watu kwamba amekauka, havuji tena, nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Kisarawe.

Alitandika mkeka, akanikaribisha, akakaa. Nataka uelewe nililoliona. Alikaa juu ya mkeka bila kitambaa chochote chini, akakaa, chai ikaiva, tukanywa, akaendelea kukaa. Nikamwambia nimekuja kumchukua. Alikunja ukindu aliokuwa anasuka, akauweka pembeni.

"Mama umeshamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Soga nzima wanajua nina pepo. Na mama anajua alinitibu, nikashindwa mie. Nenda kamwambie ukweli. Yalikuwa majani, tumepanda niyatazame. Ukishamwambia njoo, nitafunga mizigo siku hiyohiyo. Sina neno lingine na wewe, bwana. Wala sina kinyongo naye."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi Soga. Mama alikuwa uani anapepeta choroko. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kinu, nikasema, "Mama, mkeo wangu amepona," hata maneno yaliniparaganyika, nilitaka kusema mkweo. Akaacha ungo. Machozi yakamtoka palepale.

"Amepona? Kabisa?" Akainua mikono juu. "Umeona, baba? Ile dawa ilichelewa tu kufanya kazi. Mie nilijua. Nilijua Mungu hataniacha nife na lile la mtoto peke yake."

Nilikaa Soga siku tatu. Kila asubuhi nilisema leo. Siku ya nne nikarudi kazini Kibaha. Kisarawe sikwenda tena. Aliningoja hadi mavuno, kisha shemeji akaja kudai talaka, nikaiandika kwa mkono wangu. Mie nikaja kuoa mwingine; yeye nilisikia aliolewa Mlandizi, akazaa wawili, wote kwa kisu, hospitali. Mama aliishi miaka mingi. Wanawake wa Soga wakikaa kusuka, aliwasimulia jinsi alivyomponya mkwe wake kwa vuo, na mie nikiwapo alinigeukia nithibitishe, nami nikaitikia kwa kichwa.